Kilichokuwa Ndani ya Amplifaya ya Mashimba

Nusrat alifungua skrubu ya mwisho, akaondoa ubao wa nyuma, akachungulia ndani ya amplifaya. Paskazia, aliyeinunua, alisimama nyuma yake.

"Dada Paskazia, hii si ya taa, vile vichupa vya kioo vya kukuza sauti havimo."

"Si ya taa vipi? Na huo wekundu unaowaka ni nini?"

"Urembo. Wamefunga vibalbu viwili nyuma ya wavu ili mnunuzi aone mwanga. Havijaunganishwa na kitu chochote cha sauti. Bodi yake ni ile ile ya kwenye sabufa za mtaani."

Paskazia aliinama akajionea mwenyewe. Vibalbu vilikuwa vimebandikwa kwa gundi. Aliyemuuzia alimpata kwenye kundi la WhatsApp la wanamuziki wa Kanda ya Ziwa, mtu wa salamu ndefu na Bwana asifiwe nyingi. Alimpigia pale pale dukani kwa Nusrat. Simu haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Kushuku hakukuwa jambo geni kwake. Alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani hugeuza nguo ndani nje kabla hajaisifu. Isitoshe, mume aliyeachana naye alishamfundisha kwamba safari ya Geita inaweza isiwe ya Geita. Lakini baada ya vile vibalbu, hali ilizidi. Mtu akimwambia "mali safi, dada," yeye alisikia "nakuibia, dada."

Mchana alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga Kirumba. Jumamosi alipiga gitaa la solo kwenye harusi na ubarikio. Wageni walizoea kusogea karibu na jukwaa kumshangaa mwanamke anayepiga solo, na wimbo wa pili ulipoanza walisahau kushangaa wakacheza. Kilichomkera ni sauti. Amplifaya ya bendi, aliyoitumia pamoja na mpiga kinanda, ilikwaruza. Akipiga nyuzi nyembamba zilitoka kali kama bati linaloburutwa kwenye saruji.

Alichokitaka alikijua vizuri. Alipokuwa msichana kwao Ukerewe, mwalimu mmoja wa kwaya alikuja na kisanduku kisichozidi kreti la soda, na ndani yake vichupa vya kioo vikawaka taratibu kama makaa. Kila uzi ulisikika peke yake, sauti nene, safi, isiyo na mchanga. Tangu hapo hakuwahi kuisahau. Mpya za namna hiyo ziliuzwa ng'ambo, na ukiongeza usafiri na ushuru, ni heri ununue cherehani zingine. Kwa hiyo alitafuta kuukuu, ndogo, ya taa za kweli.

Siku moja kwenye mazoezi alimweleza Nathaniel, mpiga besi, mtu mzima aliyezunguka na bendi nyingi kabla Paskazia hajajua kushika gitaa.

"Ndogo, ya taa, sauti safi?" Nathaniel alisema huku akikaza uzi. "Hiyo alikuwa nayo Mashimba. Siku hizi yuko Magu, analima mpunga." Halafu akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Bado anayo?"

"Imekufa. Achana nayo."

"Nusrat anafufua hata redio za wakoloni, mzee wangu. Nipe namba yake tu."

"Paskazia, nimesema imekufa."

Hakumtazama alipolisema hilo, na hilo ndilo lililomtosha Paskazia. Amplifaya iliyokufa haimfanyi mtu akwepe macho. Alijua bei yake, Nathaniel, na alijua wapi ilipo. Basi anaitaka yeye, aichukue kwa Mashimba kwa bei ya kutupa, kisha amletee Paskazia mwenyewe kwa bei ya kumkomoa. Kadiri alivyosukuma pedali ya cherehani jioni ile ndivyo jambo lilivyozidi kuonekana wazi. Aliulizia namba ya Mashimba kwa mtu mwingine, akaenda Magu bila kumuaga mtu yeyote wa bendi.

Nyumba ilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mzee Mashimba alikuwa mtu mkubwa wa umbo, lakini mkono wake wa kulia aliukunja tumboni kama anaukinga na baridi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Napiga gitaa Mwanza. Nimesikia una amplifaya ya taa, nami natafuta."

"Umesikia kwa nani?"

Paskazia alifikiria kudanganya, akaona mzee huyu ni wa kuuliza swali lile lile mara tatu. "Kwa Nathaniel. Tunapiga naye bendi moja."

Mashimba aliinuka, akatembea hadi barabarani, akaangalia upande huu na upande ule, kana kwamba Nathaniel amejibanza nyuma ya mashine ya mpunga. Aliporudi hakukaa.

"Mwonyeshe tu," alisema mkewe, Evelina, kutoka mlangoni. "Kimekaa stoo kinakula vumbi. Mwanamke wa watu ametoka mbali."

Kisanduku kililetwa kimefungwa kwenye gunia kwa mpira wa baiskeli. Evelina ndiye aliyekileta na ndiye aliyekifungua. Kilikuwa kidogo, kitambaa chake cha mbele kimechanika pembeni, na kwa uwazi wa nyuma Paskazia aliona vichupa vya kioo, vya kweli, vyenye utando wa vumbi. Alijizuia asionyeshe furaha. Ndipo alipogundua kwamba Mashimba alikuwa amesimama mbali, karibu na ukuta, na hakuwa amekigusa hata kidogo.

"Baba, mbona hukishiki?"

Mzee akaanza kusimulia. Ilikuwa harusi ya kule Kigongo, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka turubai likashindwa. Alikuwa amesimama kwenye matope, gitaa mkononi. Alipoinama kwenye maikrofoni aitikie kiitikio, mdomo wake ulipogusa tu, kitu kilimkamata. Hakuweza kuachia nyuzi. Alijiona anaanguka, akasikia watu wanapiga kelele, halafu basi. Mkono haukurudi kuwa ule wa zamani.

"Umeme," alisema Paskazia.

"Ndivyo walivyosema. Lakini nilikuwa nimepiga na kisanduku hicho miaka mingi hakijanifanya lolote. Siku ile aliyekibeba ni Nathaniel. Alikaa nacho peke yake nyuma ya jukwaa. Na juma lile lile tulikuwa tumegombana nani aongoze bendi."

"Unasema aliweka kitu?"

"Sijasema. Nasema sijakifungua tangu siku ile, wala sijaruhusu mtu akifungue."

Paskazia alikitazama tena kisanduku. Sasa Nathaniel alikuwa na sababu nyingine ya kukwepa macho, mbaya kuliko ile ya kwanza. Lakini na huyu mzee je? Kama kisanduku kilikuwa na uchawi au na umeme, vyote viwili ni vya kuua.

"Nisingeuliza, ungeniacha niondoke nacho?"

"Nilikuwa nakupima nione umetumwa na nani," alisema Mashimba. Paskazia hakumwamini, na mzee aliona kwamba hakuaminiwa. Alikohoa. "Haya. Twende kwa huyo fundi wako. Afungue mbele ya macho yangu. Kama kuna kitu, nataka nikione."

Walifika dukani kwa Nusrat siku iliyofuata. Duka lile liliachwa na marehemu baba yake, Iqbal, na wazee wa mjini bado waliliita kwa jina lake. Mashimba alikaa kwenye stuli karibu na mlango, tayari kutoka. Nusrat aligeuza kisanduku, akatoa skrubu, akavuta bodi ya chuma nje.

Kwenye kona, nyuma ya kichupa kikubwa kuliko vyote, palikuwa na kitu cha udongo. Kiliviringwa vizuri, ukubwa wa ngumi ya mtoto, kimeng'ang'ania chuma.

"Nilisema!" Mashimba aliruka, stuli ikaanguka. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Nathaniel!"

Paskazia alirudi nyuma hadi akagonga rafu. Hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, au ndivyo alivyojieleza siku zote, lakini hakuthubutu kukisogelea. Nusrat peke yake hakusogea. Alikitazama kile kitu, akachukua bisibisi.

"Usikiguse, binti!"

"Mzee wangu, vumilia kidogo." Akakibandua, kikaanguka mezani, kikavunjika. Ndani palikuwa na vyumba vidogo vidogo, na kwenye vyumba mlikuwa na mabuibui yaliyokauka kama makapi. "Nyigu. Wale wa kujenga kwa matope. Wanapenda sana redio zilizokaa stoo, kila msimu nawatoa. Hawa wameingia baada ya wewe kukifungia kwenye gunia."

Mashimba alisogea. Alichukua kipande kwa mkono wa kushoto, akakisaga kwa vidole, akanusa. Akachukua kingine. Uso wake haukuonyesha furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Basi ni nini kilichonipiga?"

Nusrat alionyesha waya wa umeme: ulikuwa wa nyuzi mbili, hauna ule wa tatu wa kupeleka umeme ardhini. Kisha akaonyesha kapasita moja ndogo, iliyovimba na kupasuka, iliyounganisha njia ya umeme na ile bodi ya chuma. Alichomeka kisanduku kwa uangalifu, akaweka mita yake kwenye chuma, sindano ikaruka. "Kikiharibika kifaa hiki, umeme unakuja mpaka kwenye chuma, na kutoka hapo mpaka kwenye nyuzi za gitaa. Ukisimama pakavu labda usisikie kitu. Simama kwenye matope, halafu uguse maikrofoni kwa mdomo... Mungu alikupenda, mzee."

Mashimba alimwomba Nusrat arudie kupima. Akarudia. Akamwomba tena.

Paskazia alimwacha pale, akaenda moja kwa moja kwa Nathaniel. Alimkuta uani anaosha miguu. Hakumsalimu vizuri.

"Kwa nini uliniambia imekufa?"

Nathaniel alifunga bomba. "Umekwenda Magu."

"Nimekwenda. Nimejua yote. Ungeniambia ukweli, ningejihadhari."

"Ningekwambia ukweli upi? Kila niliyemtajia kile kisanduku alinitazama mikono kwanza, kisha uso. Ningekupeleka mimi, kikakupiga na wewe, ningekaa mji gani?" Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nilitamani kife kweli. Kisahaulike."

Paskazia aliona haya, kwa sababu na yeye, alipoingia uani pale, alimtazama mikono kwanza. Alimweleza kila kitu: nyigu, waya, kapasita, mita. Nathaniel alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mashimba aliyaona hayo matope mwenyewe?"

"Aliyaona."

"Aliyashika?"

"Aliyashika, akayanusa."

Nathaniel alitikisa kichwa taratibu, akarudi kuosha miguu ambayo ilikuwa tayari safi.

Nusrat alibadilisha waya, akaweka wenye pini tatu, akatia kapasita mpya, akapima mpaka Paskazia mwenyewe akachoka kumwambia apime tena. Siku ya kuwasha, vichupa vilichukua muda wao kupata moto. Paskazia alipiga uzi mmoja tu. Ulitoka mnene na safi, ukajaa duka, na wapita njia wawili wakasimama mlangoni. Mashimba, aliyekuja kutoka Magu kusikia, aligeuza uso upande wa ukuta. Baadaye alitaja bei ambayo Paskazia aliiweza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakutafuta tundu kwenye bei ya mtu.

Nathaniel alikwenda Magu Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Hakumuaga mtu. Aliporudi, Paskazia alikuwa kibarazani anapiga pasi sketi za shule, na bila kuuliza akamsogezea kiti.

"Alikukaribisha?"

"Kwanza alinikalisha nje, juani. Tukazungumza mpunga, tukazungumza mvua. Kisanduku hakukitaja, nami sikukitaja." Nathaniel alifuta jasho. "Mchana Evelina akaleta ugali na sato."

Paskazia aliweka pasi chini. Walijua wote wawili kilichokuwa kikisemwa Magu miaka yote hiyo, na kula kwa mtu aliyekushuku namna ile si jambo dogo.

"Ukala?"

"Nilisita. Akaona nimesita." Alitazama kiganja chake. "Akamega yeye kwanza, kwa ule mkono wake mbovu, akachovya, akala. Kisha akanisogezea sahani. Nikala mpaka nikaramba vidole."