Mistari Miwili ya Pasi

Wewe unaweza kumchukia mtu kwa sababu ameshika pasi? Usikimbilie kusema hapana. Mwanamke aliyenipangisha chumba aliweza.

Mtaa mzima ulimwita Dada Dobi. Wazazi wake walifariki akiwa msichana, wakamwachia mdogo wa kiume aliyekuwa bado anatambaa. Akamlea kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, chumba cha mbele kikinuka mkaa na wanga. Kijana alipoingia jeshini, kila likizo sare ilirudi kwa dada, ikatoka na mstari mmoja tu mbele ya kila mguu wa suruali, umenyooka kama uzi uliovutwa. Kambini walimtania kwamba suruali yake ingeweza kukata mkate. Dada alimsimulia hayo kila mteja, hata aliyekuja kudai shati lililopotea.

Kisha vita vikapamba moto ng'ambo, na wakubwa ambao watoto wao walibaki nyumbani wakaamua vijana wetu waende. Nilisema hivyo mezani bila kuficha. Dada Dobi akaniambia chakula kinapoa.

Kijana alikuja kuaga akiwa na msichana wa kiwanda cha viberiti. Alitaka kumwoa kabla ya kupanda meli. "Dada, huyu ni wifi yako," akasema. Dada alimpima msichana kuanzia kichwani mpaka viatuni, akamkaribisha, kisha akaenda kupanga mashati ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Ndoa ilifungwa kesho yake katika ofisi ya serikali, karani akisoma maneno mbiombio huku jicho lake likiwa kwenye foleni ya askari wengine na wachumba wao. Dada Dobi alitia sahihi ya ushahidi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Njiani alininong'oneza kwamba msichana anatembea kama bata, na kwamba hajui hata kuwa mumewe hali pilipili, sasa huyo ni mke wa nini.

Tulipofika nyumbani bwana harusi alivua sare aliyopaswa kusafiri nayo asubuhi. Dada akawasha mkaa. Bibi harusi akasogea mezani.

"Wifi, leo niachie mimi. Ni mume wangu."

"Wako tangu mchana huu. Mimi nimemfulia nepi."

"Ndiyo maana nakuomba. Wewe umempigia pasi miaka yote. Mimi nina hii moja tu."

Kijana alitazama dari. Dada akaitua pasi kwa kishindo. "Haya, shika. Ukiiunguza suruali, utamvalisha gauni lako."

Akatoka uani, akakaa karibu na dirisha, akisikiliza. "Anaburuta," aliniambia. "Unasikia? Kama mtu anayehamisha kabati." Nikamweleza kwamba binadamu si mali ya binadamu mwenzake, na kwamba wivu ni aina ya unyonyaji. Akaniuliza soksi zangu huwa zinafuliwa na nani.

Asubuhi tuliwasindikiza askari mpaka geti la kambi. Suruali ya kijana ilikuwa na mistari miwili kila mguu, kama reli. Dada aliiona, mkono wake ulitaka kwenda, akaurudisha kwapani. Sajini akapita akikagua, akasimama.

"Si wewe wa suruali ya kukata mkate? Leo nani kakupigia pasi, mbuzi?"

Askari wakacheka. Bibi harusi akainamisha kichwa. Kijana alikuwa anafungua mdomo.

"Mimi," Dada Dobi akasema kutoka waliposimama ndugu wa askari. "Mwenye neno aniambie mimi."

Sajini akasonga mbele. Askari wakapanda malori, injini zikanguruma. Hapo msichana akamgeukia dada, machozi yakimlengalenga.

"Wifi, ile ilikuwa pasi yangu," alisema. "Hata aibu yake umeninyang'anya."

Dada Dobi alikuwa akiitazama miguu ya mdogo wake ikining'inia nyuma ya lori, mistari miwili kila mmoja, mpaka lori likakata kona.