Matawi Mabichi Juu ya Lami

Juzi, kabla ya kufika Kahama, lori letu lilipasuka tairi. Masanja, dereva mpya ninayemfundisha safari za mbali, alikata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, kuwaonya wanaokuja. Harufu ya majani mabichi juu ya lami ya moto ilinirudisha Kishapu, nilikokulia.

Nilikuwa msichana mdogo, nachunga mbuzi wakati wa kiangazi. Mchana mmoja nilikuta matawi kama hayo barabarani, karibu na kona. Nilidhani yameanguka kutoka kwenye gari la mtu, nikayaburuta hadi kichakani, mbuzi wangu wale. Walikuwa wakitafuna kwa pupa niliposikia mlio mrefu wa breki pale kwenye kona, kisha kishindo. Mbuzi hawakuinua hata vichwa.

Jioni mama alirudi kutoka barabarani akilia.

"Pikipiki imeingia nyuma ya lori bovu," alisema. "Dereva gani yule, hakuweka hata tawi!"

Hadi leo sijamwambia mtu.

"Kila baada ya muda rudi nyuma uyaangalie kama bado yapo," nilimwambia Masanja.

Akacheka. "Nani aibe majani, dada?"

"Upepo," nikamjibu.