Kidole Kilichokataa Ugali

Ilianza Jumapili, saa saba na nusu mchana, nyumbani kwetu mtaa wa Rhonda. Nilikata tonge la ugali, nikaliviringisha, nikabonyeza na kidole gumba nitengeneze shimo la kuchotea mchuzi wa omena, wale dagaa wadogo. Kidole kikakataa. Maumivu yalipanda mpaka kwa kiwiko na tonge likaanguka chini.

"Aii! Mtoto wa Mluhya anaangusha ugali?" akauliza Kukhu, nyanya yangu. Watu wakacheka.

"Niliumia nikifua blanketi," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniuliza swali naangalia viatu. Lakini kwa simu sikuwa na aibu hata kidogo. Kwa grupu ya darasa mimi ndio nilikuwa nachekesha watu. Wambui anakaa madawati mawili mbele yangu. Tulikuwa tunaandikiana kuanzia tukitoka shule mpaka usingizi utushike, na hatukuwa tumewahi kusalimiana kwa mdomo. Kazi yote hiyo ilifanywa na kidole kimoja.

Sasa kwa sababu ya blanketi nikapumzishwa kufua, nikapata masaa zaidi ya simu. Kila jioni Kukhu alinikanda na mafuta ya ng'ombe, akivuta kidole kama anakamua. Nalia, akitoka nachukua simu. Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa umevimba, na nikiusogeza nasikia kama kamba inakwaruza ndani. Sikuweza kufunga vifungo vya shati. Sikuweza kushika kalamu, na niko Kidato cha Nne, mtihani ukibaki muhula mmoja. Nikahamia kidole cha kushoto. Nacho kikaanza kuuma.

Mama akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa mama mpole. Aliniambia nifiche kidole gumba ndani ya ngumi, halafu akauinamisha mkono. Nilipiga nduru mpaka watu wa foleni wakachungulia.

"Ulifanyaje huu mkono?"

"Alikuwa anafua blanketi," Mama akajibu.

Daktari akashika ule wa kushoto, akaubonyeza. Nikaruka. "Na hii blanketi, anaifua na vidole gumba peke yake?"

Mama akanigeukia. Nikaangalia viatu. Halafu nikasema, "Ni simu."

"Kano zimevimba," daktari akasema, akiangalia sare yangu ya shule. "Ukiendelea hivi, mtihani utaandikiwa na nani?"

Alinidunga sindano, akanifunga mkono kwa kibao kidole kisisogee, nikae nacho wiki sita.

Nyumbani Mama akasema simu yangu ina pepo, itupwe. Nikakataa. "Mama, pepo haina kidole. Ni mimi nilikuwa nabonyeza." Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Nikaipeleka simu mwenyewe kwa kabati ya Kukhu, chini ya leso zake. Siku za kwanza kidole kilikuwa kinacheza peke yake ndani ya kibao, kinatafuta. Shuleni wakanibandika jina, Kidole. Wacha waite.

Kukhu naye kila siku aliniwekea kijiko kando ya ugali. Kila siku nilikirudisha jikoni. Nilikula matonge mabovu, hayana shimo, mchuzi ukinimwagikia kwa nguo. Lakini kijiko, hapana.

Kibao kilipotolewa, Kukhu akaacha mafuta, akanipa unga wa chapati nikande pole pole, vile daktari alisema. Jumapili moja nikakata tonge, nikabonyeza. Shimo likatokea. Nikachota mchuzi, nikala. Kukhu alichukua kile kijiko akakirudisha jikoni mwenyewe.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Kukhu, hata na yale mafuta yake. Wewe unayesoma, mkono ukianza kuuma sema ukweli siku hiyo hiyo. Usiseme blanketi. Simu yangu bado ninayo, siiogopi, na hakuna mtu ataniambia ilinishinda. Haya yote nimeandika na kalamu.

Asubuhi iliyofuata ile Jumapili ya tonge, kabla ya kengele, nilienda mpaka kwa dawati la Wambui.

"Sasa," nikamsalimia.

Akainua macho. "Kumbe Kidole uko na sauti?"

"Iko," nikasema. "Songa nikae."