Kiti cha Mjozi cha Askofu Athanas

Katika mji wetu wa Ain Jauza, juu mlimani kutoka Beirut, Nakhle Zuraiq alijulikana kwa milango, makabati na vitanda vya harusi. Kwa kazi hizo watu walimpenda. Lakini alikuwa na kazi nyingine, aliyoirithi kwa baba yake na babu yake, na kwa ajili ya hiyo walimpisha njiani. Nakhle ndiye aliyechonga viti vya kuzikia maaskofu.

Maaskofu wetu hawalazwi. Askofu akifa, huvishwa mavazi yake yote ya misa, hushikishwa fimbo yake ya kichungaji, akakalishwa kwenye kiti na kushushwa katika chumba kilicho chini ya altare, aketi pamoja na waliomtangulia, uso ukielekea mashariki. Siku askofu mpya anaposimikwa, kabla wageni hawajamaliza kula, seremala hutoka na shoka lake, hushuka bondeni na kutia alama kwenye mjozi mmoja ulio hai. Mti hukatwa majira ya baridi, na mbao huwekwa darini zikauke. Huko zinakaa miaka na miaka, huku askofu akibariki ndoa na kugombana na mapadri wake. Seremala huzishusha pale tu askofu anapoanza kushikwa mkono akipanda ngazi. Na katazo ni moja: kiti hakikaliwi na mtu mwingine kabla ya mwenyewe, kwani husemwa humchukua yule kinayemtosha.

Alichopimia Nakhle ni uzi wa katani wenye mafundo. Akionekana nao barabarani, hata mizaha ilipungua, isipokuwa kwa Tannus kinyozi, ambaye duka lake lilitazamana na karakana.

"Fundi, pita upande ule," Tannus alikuwa akimwambia. "Mimi si askofu, lakini sitaki kupimwa."

"Wewe nitakuchongea benchi, Tannus. Kiti ni cha watu wenye heshima."

Majira ya baridi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Askofu Athanas alianza kushikwa mkono akipanda ngazi.

Kwa Nakhle huyu hakuwa askofu tu. Kabla ya kuitwa Athanas aliitwa Habib, mtoto wa mwenye nyumbu za mizigo, na dada yake Muntaha ndiye aliyekuwa mke wa Nakhle. Wavulana hao wawili waliiba forosadi pamoja na kupigwa pamoja. Kisha padri mmoja alimwona Habib akisoma waraka kanisani bila kukwama hata neno moja, akamchukua seminari. Kutoka seminari alipelekwa Roma, akarudi mrefu, mwembamba, mwenye miwani. Kwenye harusi ya dada yake magoti yake yaligonga meza kila alipogeuka, sahani zikacheza, watu wakacheka. Akawa padri wa vijiji vya juu ambako alitembea kwenye theluji kupeleka komunyo, akawa makamu wa askofu, na mwishowe sinodi ikamchagua na Patriarki akamweka wakfu. Siku ya kusimikwa kwake Nakhle alitoka na shoka huku akilia kwa furaha, akauchagua mjozi mnyoofu kuliko yote bondeni. Sasa mti ule ulikuwa mbao kavu juu ya kichwa chake.

Alizishusha. Kilichofuata ni kupima. Kwa desturi seremala hutafuta kisingizio. Huingia uaskofuni kurekebisha dirisha, na askofu akiwa amesinzia hupitisha uzi kutoka kisigino hadi goti, kutoka kiti hadi bega. Nakhle aliingia na uzi mfukoni zaidi ya mara moja. Kila mara alimkuta shemeji yake ameketi karibu na jiko la kuni, blanketi magotini, akimwambia, "Karibu shemeji, kaa, kahawa iko motoni." Alikunywa kahawa, akaurudisha uzi nyumbani ukiwa haujatiwa fundo.

Mwishowe alichonga kwa kumbukumbu. Alijiambia kwamba hakuna mtu duniani anayeujua mwili ule kama yeye. Kiti kilitoka kizuri, chenye mgongo mrefu na zabibu zilizochongwa pembeni.

Wakati huohuo Patriarki alimleta Askofu Kirillus awe askofu mwandamizi, amsaidie mzee na kumrithi. Kirillus alikuwa hajafika miaka hamsini. Alikuwa amefundisha sheria za Kanisa huko Roma, alipanda ngazi mbili kwa mpigo na kuendesha gari lake mwenyewe. Asubuhi moja aliingia karakana kuagiza rafu za vitabu.

"Fundi Nakhle, nina vitabu vingi kuliko dhambi," alisema. "Nitengenezee rafu imara." Kisha akakiona kiti. "Na hiki cha nani? Ni kizuri."

"Kiache, Sayidna," Nakhle alisema, kwa jina tunalowaitia maaskofu. Alikuwa ameshika randa kwa mikono yote miwili.

"Cha mzee? Nimesikia habari zenu na viti." Kirillus alitabasamu, akaushika mkono wa kiti. "Mmewatisha mapadri wangu wote. Padri Maruni hataki hata kupita mtaa huu."

"Sayidna, nakuomba."

Lakini Kirillus alikuwa ameshakaa. Alikaa kama mtu anayewafundisha watoto kwamba gizani hakuna zimwi. Mgongo wake uliegemea sawasawa, viwiko vyake vilitua mahali pake, na nyayo zake zote mbili zikakanyaga sakafu bila kuning'inia wala kukunjika. Alitaka kusema la kuchekesha, akajitazama magoti badala yake. Ng'ambo ya barabara Tannus alisimama mlangoni na wembe mkononi, mteja wake akiwa na povu usoni, wote wawili wakitazama.

"Kimenitosha," Kirillus alisema.

"Ndiyo, Sayidna."

"Mzee si mfupi kuliko mimi?"

Hapo ndipo Nakhle alipoliona kosa lake. Alikuwa amempima Habib wa kwenye harusi. Mzee wa kwenye jiko la kuni alikuwa amepinda na kusinyaa, na kiti kile hakikuwa chake.

Mchana, Muntaha alimpakulia kibbe ya nyama na ngano pamoja na maziwa mgando, akasimama badala ya kukaa.

"Tannus ameshasambaza habari," alisema. "Ni kweli, Abu Salim?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Ni kweli."

"Basi utafanya nini?"

"Nitaikata miguu. Nitakipunguza kimfae mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" Muntaha aliuliza. "Ukikikata utakuwa umemrudishia kaka yangu. Sasa hivi kinamfaa mwingine. Kiache kama kilivyo."

"Umm Salim, unajua unasema nini?"

"Nasema kiache. Sijasema lingine."

Nakhle hakuitia msumeno miguu ile siku hiyo, wala wiki ile. Alikifunika kiti kwa shuka na kufanya kazi akikipa mgongo. Alijua mbao ni mbao. Alijua pia kwamba akikata anampa kiti shemeji yake, na asipokata anamwachia kijana aliyekuja kuagiza rafu. Kila akishika msumeno aliona uso wa mmoja, na kila akiuweka chini aliona uso wa mwingine.

Masika yale barabara ya kwenda Beirut iliharibika. Kwanza kilisikika kizuizi kimoja chenye vijana waliofunika nyuso, kisha vingine. Watu walianza kupotea wakiwa njiani kununua unga. Askofu Athanas hakuweza tena kutoka, kwa hiyo Kirillus ndiye aliyeshuka na gari lake kuwaombea waliotekwa, mara kwa Wakristo, mara kwa Waislamu, kwa yeyote aliyekuwa na bunduki siku hiyo. Alirudi na waokaji, na wanafunzi, na siku moja na mchinjaji wa dhehebu la Kidruze, ambaye mama yake alimbusu Kirillus viatu.

Gari liliposhuka, wanawake wa mtaa walisimama milangoni mpaka lirudi. Muntaha naye alisimama. Lakini Nakhle alikuwa ameishi naye maisha yote, na aliuona uso wake gari lilipojitokeza kwenye kona likiwa salama. Wenzake walishusha pumzi. Yeye aligeuka akaingia ndani taratibu, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake hajafika.

Ijumaa moja gari lilirudi na tundu kwenye kioo cha mbele. Risasi ilikuwa imepita upande wa abiria, ambako siku hiyo hakukaa mtu. Kirillus aliliegesha mbele ya karakana, akashuka, akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Rafu zangu zimefikia wapi, fundi?"

"Bado kidogo, Sayidna."

Alitazama shuka lililofunika kiti. Vumbi la barabarani lilikuwa limekwama kwenye ndevu zake. "Hakuna haraka," alisema, akaondoka akitembea, gari akaliacha palepale.

Nakhle alilivua shuka na kuuchukua msumeno. Muntaha alikuwa ameliona tundu la risasi kutoka dirishani. Alifika mbio akajiweka kati ya mumewe na kiti.

"Usikikate," alisema. "Ni kaka yangu, Nakhle. Ni Habib."

"Na huyu ana mama yake huko mjini Zahle. Nimeona picha yake mezani kwake."

"Mama yake ataomba. Mimi nami naomba."

"Unaomba nini, Muntaha?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma yao. "Muulize vizuri, shemeji. Hata mimi ningependa kujua."

Askofu Athanas alikuwa mlangoni, ameshikwa upande mmoja na Padri Maruni na upande mwingine na Tannus, ambaye bado alikuwa na taulo la kunyolea begani. Hakuwa ametoka nje tangu theluji. Aliwaashiria wamwachie, akapiga hatua kuelekea kwenye kiti, akakaa.

Miguu yake ilining'inia. Mkononi mwa kiti vidole vyake havikufika mwisho. Alijitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Umemchongea nani hiki? Huyu mtu aliondoka zamani, Nakhle. Alikuwa na meno yake yote."

"Sikuweza kukupima, Sayidna."

"Naona. Lete huo uzi."

Nakhle alipiga magoti, akapitisha uzi kutoka kisigino hadi goti la shemeji yake, akatia fundo. Fundo lilikaa vibaya. Akalifungua, akalitia tena. Muntaha alikuwa ameshika ukuta.

"Njoo hapa," kaka yake alimwambia. Alipokaribia alimshika kidevu kama alivyomfanyia alipokuwa mtoto. "Kila asubuhi nilikuona kutoka dirishani umesimama mlangoni. Nilidhani unamwombea. Jana nikautazama uso wako vizuri, na asubuhi hii Tannus kaja kuninyoa, nikamlazimisha aniambie habari za kiti."

"Nilikuwa nakuombea wewe."

"Mimi sijaomba hilo. Kiti ni changu, Muntaha. Nilikipata siku niliyovishwa pete, na nilijua. Usimpe mtoto wa watu kitu changu." Kisha akamgeukia Nakhle. "Kata. Nataka nione ukikata."

Nakhle alikata. Alikilaza kiti kwenye meza ya kazi na kuondoa kipande kwa kila mguu, huku mzee akiwa ameketi kwenye gogo akitazama kama mteja mwenye shaka. Kilipokuwa tayari alikalishwa tena, na nyayo zake zikatua sakafuni.

"Sasa tumeelewana," alisema.

Muntaha alikuwa ameshatoka.

Askofu Athanas alikufa zabibu zikivunwa. Barabara ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hakufika Patriarki wala askofu mwingine yeyote. Kirillus alimzika peke yake na mapadri wa jimbo. Walimshusha ameketi, fimbo mkononi. Muntaha alishuka nao, akainama kabla hawajafunga, akajaribu kupitisha kiganja chini ya kiatu cha kaka yake kuona kama kimegusa sakafu. Kilikuwa kimegusa. Alijifuta mkono kwenye nguo, na tangu siku hiyo hakusimama mlangoni tena, gari likishuka wala likirudi.

Jumapili iliyofuata Kirillus alisimikwa. Wageni walikuwa wachache na chakula kilikuwa bulguri, ngano iliyopondwa, na dengu. Mizinga ilisikika kutoka chini, mbali, kama mtu anayeburuta kabati kwenye chumba cha jirani. Kwa desturi, huo ndio wakati ambao seremala huondoka na shoka lake. Watu walimtupia macho Nakhle, lakini yeye alimaliza sahani yake, akaaga, akarudi karakana.

Baada ya muda askofu mpya alimfuata, bado amevaa mavazi yake ya dhahabu. Alisimama katikati ya maranda.

"Nipime," alisema. "Sitaki kusubiri nisinzie."

"Simama wima, Sayidna."

Nakhle aliutoa uzi. Alipima kisigino hadi goti, goti hadi kiuno, kiuno hadi bega, akitia mafundo polepole, na safari hii hakuna fundo lililokaa vibaya. Kirillus hakufanya mzaha wowote. Alikuwa anatazama kwenye meza ya kazi, ambako mbao za mjozi zilikuwa zimepangwa, zimefutwa vumbi.

"Nilidhani leo unashuka bondeni," alisema. "Kutia alama kwenye mti."

"Ndivyo tunavyofanya."

Kirillus alinyoosha mkono akaigonga mbao ya juu kwa kidole. Ilitoa mlio mkavu. "Hizi umezitoa darini. Ni kavu."

"Nilizihifadhi kwa ajili ya kabati la harusi la binti yangu," Nakhle alisema, akiendelea kuukunja uzi. "Mti mbichi unataka miaka, Sayidna."

Mizinga ikasikika tena chini. Askofu aliuacha mkono wake juu ya mbao kwa muda.

"Kile cha mzee ulikipunguza," alisema.

"Ndiyo."

"Changu usikipunguze."

"Hapana, Sayidna," Nakhle alijibu, akautundika uzi kwenye msumari. "Chako nitakichonga hivyo ulivyo."