Nilimwambia Daktari Tatu

Mpaka leo mgongo wangu umekula shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu kumi na tano. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya pili nilianzia chini kwenda juu, nikidhani huenda ikapungua. Haikupungua. Humo sijaweka miezi minne ya kibanda kinachofunguliwa nusu siku, wala sijaweka upasuaji, maana upasuaji bado haujafanyika, na huo ndio unaonifanya niandike haya. Nilichotaka kuokoa siku ile yalipoanza ni shilingi elfu nne.

Nauza vitunguu Chang'ombe. Nanunua kwa wakulima vijijini, upande wa Mpwapwa, na nanunua kwa lumbesa. Kwa asiyejua, lumbesa ni gunia lililojaa mpaka mdomoni, halafu likaongezwa kichwa kingine juu yake kwa kushonewa kamba, likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia. Imekatazwa, na kila mtu anajua imekatazwa, na kila mtu anashona. Mimi nilikuwa na sifa ya kuchelewesha sindano. "Ongeza hapo pembeni kidogo, mama. Hapo panaingia viwili. Na hapa. Basi hata kimoja." Nilikuwa naondoka shambani najisikia mwerevu kabisa.

Siku hiyo gari lilishusha lumbesa nane. Makuli wetu wanachukua elfu moja kwa gunia, kutoka kwenye gari mpaka ndani ya kibanda. Mkubwa wao, kijana mwenye shingo kama kinu, aliyazunguka yale magunia akiyapigapiga kwa kiganja.

"Bosi, haya yana mimba."

"Bei ni ile ile, elfu moja."

"Elfu moja ni ya gunia. Hili ni gunia na mdogo wake. Elfu moja na mia tano."

"Mimi nilibeba mizigo kabla hujazaliwa, unanisikia?"

"Basi beba, mzee wangu. Sisi tutakaa hapa tujifunze."

Wakakaa kweli, kwenye ndoo walizozipindua. Na mimi, nina miaka arobaini na minane, nikavua shati. Gunia la kwanza lilikwenda. La pili na la tatu yalikwenda, na nilikuwa nawatupia makuli macho kila ninapopita. La nne nililifikisha ndani. Sikuumia kwa kulibeba. Niliumia kwa kulitua, kwa sababu niliona nikijipinda kidogo kushoto litakaa vizuri juu ya la tatu, na nafasi ya kibanda nailipia kodi. Nikajipinda nalo likiwa bado mgongoni. Kikalia kitu, tap, kiunoni, kidogo tu kama ganda la kitunguu kikavu ukilikanyaga. Kisha miguu ikaisha.

Wale wale makuli ndio walionibeba. Nilipouliza bei, yule mkubwa akasema, "Hii bure. Wewe huna mimba."

Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho ambacho hakikuniuma mahali.

Kwenye duka la dawa nilisema kiuno, na kabla sijamaliza, dada wa dukani akasema hiyo ni UTI. Hakuna aliyeona mkojo wangu. Nikapewa dozi ya siku tano, nikaimaliza. Nikaongezewa vidonge vya maumivu, kimoja asubuhi kimoja jioni. Nikawa nameza viwili viwili ili nipate faida ya haraka, mpaka tumbo likaanza kuwaka na nikawa na maradhi mawili kwa mkupuo. Jirani akasema figo. Shemeji yangu akasema ni ile ngiri ya wanaume, akaninong'oneza jina la mizizi. Wote walikuwa na uhakika kuliko mimi.

Nikapelekwa Nkuhungu kwa mzee mmoja anayekanda kwa mafuta ya kondoo. Alitaka tukutane mara tatu. Nikamwomba anifanyie zote tatu siku hiyo hiyo, anipunguzie na bei. Alikubali, masikini, akaniwekea na goti. Niliposimama kutoka kwenye mkeka wake, maumivu hayakuwa tena kiunoni peke yake. Yalishuka kupitia tako, nyuma ya paja, ubavuni mwa muundi, yakatokea juu ya unyayo wa kushoto, kama mtu ametandaza waya wa umeme humo ndani na anawasha anapotaka. Nikikohoa anawasha. Nikipiga chafya, najishika ukuta kwanza.

Hapo ndipo nilipokwenda hospitali. Sikuwa na bima. Miaka yote nilisema bima ni kulipia ugonjwa usio nao, na niliwacheka watumishi wa serikali wanaokatwa kila mwezi.

Daktari alikuwa kijana mdogo. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba nikiwa nimepinda kama ndoano. Akauliza mengi, akaandika. Halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa maishani.

"Mzee, tuseme sifuri ni hakuna maumivu kabisa, na kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Ya kwako yako ngapi?"

Naomba nieleweke. Nimeishi sokoni miaka ishirini na mitatu. Mtu akiniuliza ngapi, mdomo wangu hauendi kwenye ukweli, unaenda kwenye bei ya kuanzia. Ukionyesha shida yako yote mara moja, unalipishwa yote. Nikawaza: nikisema kumi, huyu atanilaza, atanipasua, ataniandikia vipimo vya laki. Niseme chini, naye atapandisha, tutakutana katikati.

"Tatu," nikasema.

Nikasubiri apandishe.

Hakupandisha. Aliandika tatu. Akaniuliza, "Mguu una nguvu? Kuna ganzi? Haja ndogo na kubwa zinatoka kawaida?" Haja zilikuwa sawa, nikamwambia zilikuwa sawa. Ganzi ilikuwepo juu ya unyayo, nikasema ipo kidogo sana. Kuhusu nguvu nikasema mguu ni mzima. Dole gumba lilikuwa limeanza uvivu tangu juzi yake, lakini nani anakwenda hospitali kushitaki dole?

Akaniandikia dawa nyepesi, mazoezi ya viungo, na nirudi baada ya wiki sita. Akanisisitiza, kwa sauti ya mtu anayeisema kila siku, kwamba mguu ukipoteza nguvu, au nikishindwa kukojoa, au nikipata ganzi sehemu ya kukalia, nisingoje hizo wiki sita, nirudi siku hiyo hiyo. Nilitoka nimefurahi. Nililipa pesa kidogo. Niliona nimemshinda.

Njiani nikanunua mkanda wa mgongo. Mdogo na mkubwa ilikuwa bei moja, nikachukua mkubwa, una kitambaa kingi. Unanizunguka mara moja na robo na haubani chochote.

Dada wa mazoezi alikuwa mtu mwema. Alinilaza kifudifudi, akanifundisha kuinua kifua kwa viwiko, taratibu, mara kumi, asubuhi na jioni. Akaniambia nitembee kila siku mwendo mfupi, nisikae muda mrefu, nisiiname kuokota kitu bila kupiga magoti. Na kweli wiki ya kwanza nilipata nafuu; maumivu yalirudi juu kuelekea kiunoni, naye akasema hiyo ndiyo dalili nzuri tunayoitaka. Mtu mwingine angeishia hapo akapona. Mimi nikaanza kufanya mara arobaini. Siku ya tano ya arobaini waya ukawashwa na haukuzimwa.

"Nilikwambia ngapi, baba?" akaniuliza.

"Kumi."

"Sasa hizo thelathini ulimfanyia nani?"

Nilitazama miguu yangu.

Ninachotaka kueleza sasa ni kigumu, kwa sababu ni cha nyumbani. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu mwenye mgongo mzima hajui choo hicho kinadai nini. Nilikuwa nashika kitasa cha mlango kwa mkono mmoja na bomba kwa mwingine, najishusha nusu, nasimamia hapo natetemeka, na kuna asubuhi nilibaki hivyo, siwezi kushuka, siwezi kupanda, mpaka nikaita. Mke wangu alikuja. Alinikumbatia kwa nyuma, akanipandisha kama anavyopandisha ndoo kisimani, akatoka. Nilikaa mle ndani nalia kwa muda. Sikulia kwa maumivu, maumivu nilishayazoea. Nililia kwa sababu alinipandisha bila shida. Nimepungua hivyo.

Yeye ndiye anayeendesha kibanda sasa. Anarudi amechoka, ananivalisha suruali, ananifunga kamba za viatu. Anatulisha mimi na watoto kwa faida ya vitunguu anavyouza kwa bei ambayo mimi nisingeikubali, na anamaliza mzigo mapema kuliko nilivyokuwa naumaliza mimi. Hilo nalo linauma.

Yeye ndiye aliyegundua. Nilikuwa natembea uani, mwendo wangu mfupi, na yeye anapepeta mchele.

"Baba."

"Naam."

"Ndala yako iko wapi?"

Nikatazama. Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Wa kushoto ulikuwa peku. Ndala ilibaki nyuma, hatua sita, karibu na karo. Nilikuwa nimetembea hatua sita kwenye changarawe bila kujua.

"Inua kidole," akasema.

"Kipi?"

"Hicho kikubwa. Kiinue."

Nikakiambia kiinuke. Nilikiona pale chini, kidole changu mwenyewe nilichozaliwa nacho, kinanitazama. Nikajaribu kuinua unyayo wote. Ulipanda kidogo ukaanguka, pa, kwenye changarawe. Mke wangu akaweka ungo chini.

"Imeanza lini?"

Nilianza kusema juzi. Nikasema wiki iliyopita. Kisha nikasema kweli: kabla ya kwenda hospitali mara ya kwanza. Wiki tano.

"Na ulimwambia daktari?"

Tulirudi siku hiyo. Safari hii nilipelekwa kwa daktari bingwa, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Kipimo cha MRI ndicho kilichomeza sehemu kubwa ya ile hesabu ya juu. Sikuomba nipunguziwe, na mke wangu aliona kwamba sikuomba, na nadhani hapo ndipo alipoogopa. Daktari akachukua karatasi akanichorea. Katikati ya pingili na pingili, akasema, kuna kitu kama mto, nje mgumu, ndani una ute mzito. Miaka ya mizigo inauchosha ule mto, unakauka, unapata nyufa. Halafu siku moja mtu anainama na kujipinda akiwa na uzito, ute unasukuma ufa, unatoka nyuma, unakandamiza mshipa wa fahamu. Wa kwangu umekandamiza ule unaoinua unyayo.

Kisha akafungua faili.

"Hapa imeandikwa maumivu tatu kati ya kumi. Udhaifu wa mguu, hakuna." Akanitazama juu ya miwani. "Baba, ulisema tatu?"

"Ilikuwa bei ya kuanzia, daktari."

Hakucheka. Mke wangu pia hakucheka. "Ilikuwa ngapi?" akauliza daktari.

"Tisa," nikasema. Na nikaona aibu kama mtu aliyekamatwa na mizani iliyochezewa.

Akasema wengi wenye disk iliyotoka, yaani huo mto, wanapona bila kisu, kwa muda, dawa na mazoezi, na yule daktari kijana alifanya sawasawa kwa alichoambiwa. Lakini mshipa ukianza kupoteza nguvu, hesabu inakuwa nyingine, na kila siku inayopita mshipa unazidi kuumia. Anaweza kuondoa kile kipande kinachokandamiza. Maumivu ya mguu kwa kawaida yanapungua. Nguvu ya unyayo inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu, inaweza isirudi. Kiuno kinaweza kuendelea kuuma. Na kisu ni kisu, kina hatari zake, akanitajia moja moja bila haraka. Nikikataa, inawezekana mguu ukarudi wenyewe, lakini yeye hataniwekea matumaini hapo.

"Nihakikishie hata nusu, daktari," nikasema. "Nusu tu. Nikitembea bila kuburuta, natia sahihi sasa hivi."

"Siuzi, baba," akasema, kwa upole kabisa. "Ningekuwa nauza ningekupa nusu."

Ushauri wake ni nipasuliwe, na mapema. Kitanda kipo Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Mke wangu ametembelea ndugu wawili na kikundi chake cha akina mama, na pesa anasema itapatikana, nisiulize namna gani. Anasema nikubali. Kaka yangu amepiga simu kutoka kijijini, anamjua mtu aliyepasuliwa mgongo akaishia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Nimemuuliza mtu huyo alikuwa na ugonjwa gani, hajui. Kila ninayemuuliza ananipa hadithi ya mtu wa tatu. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki uani, unyayo wa kushoto juu ya tofali, nautazama. Kila baada ya dakika chache nauambia inuka. Nimejikuta nauomba. Nimejikuta nauahidi vitu.

Kwa hiyo naomba, wewe unayesoma. Kama ulipasuliwa mgongo wewe mwenyewe, siyo jirani, siyo mtu uliyesimuliwa, na kama mguu wako ulikuwa umelegea hivi kabla ya kupasuliwa, niambie ulikaa wiki ngapi ndipo ukapasuliwa, na leo unyayo unainuka au hauinuki. Kama hauinuki, niambie hivyo hivyo. Nahitaji kujua kabla ya Jumatatu asubuhi.