Mwizi wa Petroli Sebuleni

Nina hasira, na safari hii nimejikasirikia mwenyewe. Pikipiki ninayobebea samaki kutoka soko la Mwaloni hulala sebuleni kwa kuwaogopa wezi, na shemeji yangu Maganga, anayenilelea Neema nikienda sokoni, hulala kando yake. Kila asubuhi nilikuta mafuta yamepungua. Nani mwingine? Nikamwambia afunge godoro lake aende zake.

Mama mkwe akaja kumtetea. "Mama Neema, nyumba nzima inanuka petroli. Haivuji hii?"

"Haivuji, mama. Ngoja uone."

Mimi wa kidato cha nne nikafungua kabureta mbele ya majirani. Sindano inayozuia mafuta yasifurike haikufunga. Gamba la sato lilikuwa limeikwamisha, petroli inadondoka, sakafu ya udongo inainywa. Na anayejaza tangi ni mimi peke yangu, kwa jagi lile lile ninalooshea samaki.

Mama mkwe akaliweka gamba kiganjani. "Huyu ndiye mwizi wako?"

Nilitamani wacheke. Hawakucheka. Maganga alikuwa mlangoni, godoro kichwani, mwanangu mgongoni.

"Shemeji," akauliza taratibu, "mtoto nimkabidhi nani?"