Neno la Mlangoni

Wewe umewahi kumkatisha mtu maneno ilhali machozi yanamlengalenga? Mshauri nasaha wetu hakuwahi, na alijivunia. Chuoni walimfundisha kwamba kikao ni dakika hamsini. Alifaulu mtihani, kisha akaiona kanuni hiyo kuwa dhuluma tupu: uchungu wa mtu si basi, uondoke kwa saa. Wateja wakambandika jina la Bado Kidogo.

Walioumia kwa ukarimu huo ni watu wa benchi la nje. Shangazi yake ndiye aliyekuwa karani wa mapokezi, na manung'uniko yote yaliishia kwake. Asubuhi moja alimfuata kijana ofisini kabla hajavua koti. Fundi wa kuchomelea, yule aliyeanguka kutoka juu ya paa na sasa hagusi ngazi, ameshaondoka mara mbili bila kuonwa. Leo zamu yake ni saa nne, na ameapa kwamba akicheleweshwa tena harudi.

"Mwanangu," alisema shangazi, "humo ndani unamfuta mmoja machozi, huku nje unaniachia wanne wanaolia."

Saa tatu aliingia mwalimu mstaafu. Kama kawaida yake alisimulia goti lake, kisha kuku wa jirani, kisha goti tena. Saa ya mezani ilipoonyesha muda umekwisha, alichukua mkoba, akashika kitasa. Hapo ndipo alipozoea kulitoa neno lenyewe.

"Halafu," alisema akikitazama kitasa, "chumba cha marehemu mume wangu sijakifungua tangu tumzike. Mwaka wa pili huu."

Magoti ya mshauri kijana yalikwisha kukunjika kurudi kitini. Kupitia upenyo wa mlango akaviona viatu vya fundi, vimeelekea nje. Akajikaza, akabaki wima kama aliyekanyaga makaa.

"Mwalimu, hilo ni zito, si la kusemewa mlangoni. Njoo kesho saa tatu, tuanze nalo."

Mwalimu alimkazia macho. "Yaani kengele imelia?"

"Imelia, Mwalimu."

Ghafla bibi akaangua kicheko. Miaka thelathini, alisema, amewakatisha watoto katikati ya hesabu, na hakuna hesabu iliyowahi kukimbia. Zote zilingoja kesho yake.

Fundi aliingia saa nne kamili, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza akasimulia alivyoanguka. Alipotoka aliomba apangiwe wiki ijayo. Shangazi akamwandika daftarini, kisha akamletea mshauri chai, na kwa shangazi chai ni nishani.

Hata hivyo kijana alirudi nyumbani na kiroho juu: je, mwalimu angerudi, au amemfukuza?

Kesho yake, saa tatu kasoro robo, alimkuta benchini. Alipoitwa, mwalimu hakungoja kukaa, wala kuku hawakutajwa. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo ulioanza kushika kutu, akauweka mezani, kando ya saa.